Mwanga wa oksidi ya zinki na ulimwengu usio na singulariti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huja zaidi kutoka kwa wanafunzi wa fizikia wa mwaka wa mwisho na wale wanaoanza utafiti. Mengine yameulizwa na watu waliosoma habari moja gazetini wakabaki na kiu. Sehemu ya kwanza ni ya maabara, ya pili ni ya anga. Unaweza kuanza popote.

Kwa nini mada hizi mbili zimewekwa pamoja?

Moja ni unga mweupe unaojaa kijiko, nyingine ni ulimwengu mzima, na kwa kweli hakuna sheria maalumu inayoziunganisha. Ila anayezisoma hukwama mahali pamoja. Ana fomula inayofanya kazi vizuri, anapunguza kipimo kidogo kidogo, na mwisho fomula inamjibu kwa namba isiyo na kikomo. Kwa chembe za nano, kinachokaribia sufuri ni nusukipenyo cha chembe. Kwa kosmolojia, yaani elimu ya ulimwengu mzima, ni ukubwa wa ulimwengu wenyewe. Maoni yangu, na utayaona yakijitokeza tena huko chini, ni kwamba jibu la namna hiyo halielezi chochote kuhusu maumbile. Linaeleza kwamba fomula imevuka mpaka wa nchi yake.

Tena zote mbili husomwa kwa spektra, yaani mwanga uliotenganishwa kwa rangi zake. Chembe ndogo za oksidi ya zinki husogeza mwanga kuelekea bluu, na galaksi za mbali husogeza kuelekea nyekundu. Sababu ni tofauti kabisa, usizichanganye kwenye mtihani.

Oksidi ya zinki ni nini hasa?

Ni kampaundi ya kikemia yenye atomu moja ya zinki kwa kila atomu moja ya oksijeni. Huenda umeitumia bila kujua: imo katika mpira wa matairi, katika losheni ya kalamini, katika krimu za kukinga jua, na katika vifaa vidogo vinavyolinda mitambo dhidi ya volteji inayopanda ghafla.

Fuwele yake ina umbo la pembe sita. Kipande kidogo kinachojirudia ndani yake kina upana wa nanomita 0.325 na kimo cha nanomita 0.521, na kila atomu imezungukwa na nne za aina nyingine. Jambo la kukumbuka ni kwamba fuwele hii haina kitovu cha ulinganifu: ncha moja huishia kwa zinki, ncha ya pili kwa oksijeni. Nyuso hizo za ncha zina nishati kubwa, hivyo fuwele hukimbilia kurefuka upande huo kuliko kunenepa. Ndiyo maana ukichanganya chumvi ya zinki na kemikali iitwayo heksamini katika maji ya nyuzi 90 hivi za Selsiasi, baada ya saa chache unapata msitu wa vijiti vyenye pembe sita vilivyosimama kama penseli. Hakuna aliyevichonga.

Pengo la nishati la 3.37 eV lina maana gani?

Elektroni ndani ya semikondakta, kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi kama oksidi ya zinki, haziruhusiwi kuwa na nishati yoyote zinayotaka. Kuna ukanda wa chini uliojaa, ukanda wa juu ulio mtupu, na katikati eneo lisilokalika. Upana wa eneo hilo ndio pengo la nishati. Kwa oksidi ya zinki, katika jotoridi la kawaida la chumba, ni kama elektrovolti (eV) 3.37.

Ukitaka kujua hiyo ni sawa na mwanga gani, gawanya 1240 kwa nishati hiyo. Utapata urefu wa wimbi kwa nanomita. 1240 ÷ 3.37 ni 368. Huo ni mwanga wa urujuanimno, nje kidogo ya kile jicho linachoweza kuona. Fotoni, yaani chembe ya mwanga, yenye nishati zaidi ya hapo humezwa, na yenye nishati pungufu hupita.

Kama mwanga unaoonekana hupita, mbona unga wake ni mweupe?

Kwa sababu ile ile inayofanya kioo kilichosagwa kiwe cheupe. Ndani ya oksidi ya zinki mwanga husafiri kwa karibu nusu ya kasi yake katika ombwe, kwa hiyo kila unapoingia au kutoka katika chembe sehemu yake hurudishwa na iliyobaki hupindwa. Ukiwa na chembe mamilioni na hewa kati yake, mwanga hupotea njia na kurudi ulikotoka, rangi zote kwa pamoja. Fuwele moja kubwa iliyong'arishwa vizuri inaonyesha ng'ambo kama dirisha.

Krimu ya jua yenye oksidi ya zinki ya nano haiachi weupe. Je, bado inakinga?

Ndiyo, maana weupe na kinga ni kazi mbili tofauti. Weupe hutokana na kutawanya mwanga unaoonekana. Kinga hutokana hasa na kufyonza urujuanimno. Chembe zilizo ndogo sana kuliko urefu wa wimbi hutawanya kwa kiasi kinachofuata kipeo cha sita cha kipenyo: ukipunguza kipenyo kwa nusu, utawanyaji wa chembe moja hushuka mara 64. Kwa uzito ule ule wa unga utakuwa na chembe mara 8 zaidi, hivyo jumla inashuka mara 8. Ufyonzaji hauanguki namna hiyo, kwa kuwa unategemea zaidi jumla ya oksidi iliyopo. Chembe za nanomita 200 hadi 300 ndizo zinazompa mtu uso wa chokaa. Zikishuka chini ya 100 weupe hufifia.

Eksitoni ni nini, na kwa nini kila makala yanataja 60 meV?

Fotoni ikimezwa, elektroni huruka juu na kuacha tundu lenye chaji chanya. Viwili hivi huvutana, na vinaweza kuzungukana kama atomu ndogo ya haidrojeni. Wenzi hao ndio eksitoni. Nishati inayowashikilia pamoja katika oksidi ya zinki ni milielektrovolti (meV) 60, na joto la chumba lina uwezo wa kutikisa kwa takriban 26 tu. Eksitoni inasalimika. Katika nitridi ya galiamu, ambayo pengo lake linakaribiana sana na hili, muunganiko huo ni kama 25 tu, na joto la kawaida linatosha kuwatenganisha.

Hilo si jambo dogo. Eksitoni ikivunjika hutoa mwanga kwa shida. Ikidumu hutoa mwanga kwa urahisi. Ndiyo sababu mng'ao mkuu wa oksidi ya zinki safi huonekana karibu na nanomita 375 hadi 380. Toa 0.06 kwenye 3.37, ugawanye tena 1240, utaona mwenyewe.

Chembe iwe ndogo kiasi gani ndipo pengo libadilike?

Hapa ndipo watu wengi huteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kila eksitoni ina ukubwa wake wa asili. Kwa oksidi ya zinki, nusukipenyo chake ni kama nanomita 2. Chembe ikiwa kubwa kuliko hapo mara nyingi, eksitoni haijui kama kuna ukuta mahali popote. Inaishi kana kwamba iko ndani ya fuwele isiyo na mwisho. Chembe ikikaribia ukubwa wa eksitoni yenyewe, elektroni na tundu hubanwa, na kitu kilichobanwa katika fizikia ya kwantamu hupanda nishati. Pengo hupanuka na ufyonzaji husogea kuelekea bluu.

Fomula rahisi ya Louis Brus, aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023 kwa kazi ya nukta za kwantamu (chembe ndogo za namna hii), huongeza kwenye pengo la kawaida kiasi kinachogawanywa kwa mraba wa nusukipenyo, kisha hutoa kiasi cha mvutano wa elektroni na tundu kinachogawanywa kwa nusukipenyo chenyewe. Kwa chembe ya kipenyo cha nanomita 4, ongezeko halisi linafika sehemu chache za kumi za elektrovolti, na hilo linaonekana waziwazi kwenye spektra. Kwa chembe ya nanomita 10 tayari ni kitu cha kutafutwa kwa makini. Kwa ya nanomita 30 halipo.

Sasa jaribu kuiendeleza fomula hiyo hadi nusukipenyo kiwe sufuri. Pengo linakwenda kwenye namba isiyo na kikomo. Hakuna mwanakemia anayeamini hivyo. Muda mrefu kabla ya hapo unakuwa umebaki na atomu kumi na kitu, na neno «fuwele» halina maana tena. Fomula ilidhani kuna fuwele. Kumbuka mfano huu ukifika kwenye sehemu ya ulimwengu.

Sampuli yangu ya nanomita 30 imetoa pengo la 3.2 eV. Nimeona athari ya kwantamu?

Hapana. Kwanza, athari ya kubanwa ingepandisha pengo, na lako limeshuka. Pili, chembe zako ni kubwa mno.

Kinachoelekea kutokea ni kimoja au zaidi kati ya hivi: kasoro za fuwele zimeweka mkia wa viwango ndani ya pengo, au umechora mchoro wa Tauc, ule wa kusomea pengo kutoka kwenye ufyonzaji, kwa data ya unga unaotawanya mwanga kana kwamba ni filamu safi. Mbinu ya Jan Tauc inahitaji kigezo cha ufyonzaji. Kwa unga, ulichopima ni mwanga uliorudishwa, na lazima kwanza ukibadilishe kwa kanuni ya Kubelka na Munk ya mwaka 1931. Kisha kuna suala la rula: ukiweka mstari mnyoofu sehemu tofauti ya mkunjo, jibu linahama kwa 0.05 au 0.1 bila shida. Nimeshaona michoro ambayo mstari ulichorwa ili ufike kwenye jibu linalotakiwa. Toa jibu lako pamoja na kiwango cha makosa, na linganisha na kilele cha mng'ao uliopimwa kwa leza ya nanomita 325. Vikipingana, kuna tatizo.

Kama umetia madini mengine, hesabu hubadilika tena. Magnesi hupanua pengo na kadimi hulipunguza. Alumini nyingi hujaza sehemu ya chini ya ukanda wa juu, na fotoni hulazimika kuwa na nishati zaidi ili kupata nafasi tupu. Hii inaitwa athari ya Burstein na Moss, tangu 1954. Mtu asiyeijua huiita kubanwa kwa kwantamu pia.

Mng'ao wa kijani unatoka wapi?

Sampuli nyingi hutoa mwanga wa pili, mpana, karibu na nanomita 500 hadi 550, na nyingine hutoa njano au machungwa. Fuwele kamilifu isingefanya hivyo. Ni elektroni zinazoanguka kwenye ngazi zilizowekwa na kasoro katikati ya pengo. Kasoro ipi? Waliotajwa ni nafasi iliyoachwa wazi na oksijeni, nafasi iliyoachwa wazi na zinki, chembechembe za shaba zilizoingia kama uchafu, na vitu vilivyoshikamana na uso. Ubishi ni wa miongo, na sentensi ya kawaida ya ripoti, «mng'ao wa kijani unathibitisha upungufu wa oksijeni», inadai zaidi ya ushahidi ilio nao.

Uso usipuuzwe. Katika tufe la nanomita 5, karibu theluthi moja ya ujazo wote uko ndani ya nanomita 0.3 kutoka ukingoni. Ukibadilisha kimiminika kilichoizunguka chembe, rangi ya mng'ao inaweza kubadilika, ingawa ndani hakuna kilichoguswa.

Ni kweli kwamba waya mmoja wa nano unaweza kuwa leza?

Kweli kabisa. Mwaka 2001 kundi la Peidong Yang katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lilionyesha nyaya za oksidi ya zinki zikitoa leza ya urujuanimno ya nanomita 385 katika jotoridi la chumba. Nyaya zilikuwa na kipenyo cha nanomita 20 hadi 150 na urefu wa hadi mikromita 10, zimeoteshwa juu ya yakuti kwa msaada wa dhahabu, na zilisukumwa kwa leza nyingine yenye nguvu ya kama kilowati 40 kwa kila sentimita ya mraba.

Leza inahitaji kitu cha kukuza mwanga na vioo viwili vya kuurudisha. Hapa vioo ni ncha za waya zenyewe, bapa kiasili. Ukipiga hesabu kwa mwanga unaosafiri kwa nusu kasi ndani ya waya, ncha hurudisha kama asilimia 11 tu. Ni kioo dhaifu mno, lakini ukuzaji wa eksitoni ni mkubwa kiasi cha kufidia hasara hiyo ndani ya mikromita chache.

Mwaka 1999 Hui Cao na wenzake, wakiwa Northwestern University, walikuwa wamepata leza kutoka unga wa oksidi ya zinki usio na vioo vyovyote. Mwanga ulitangatanga kati ya chembe, ukarudi ulipopita, ukajikuza. Utawanyaji ule ule unaofanya unga uwe mweupe ndio uliokuwa vioo. Binafsi jaribio hili linanipendeza kuliko lile la 2001.

Basi kwa nini taa za nyumbani hazitengenezwi kwa oksidi ya zinki?

Kwa sababu taa ya LED inahitaji tabaka mbili: moja lenye elektroni za ziada, lingine lenye matundu ya ziada. Oksidi ya zinki huja na elektroni za ziada tangu kuzaliwa, na haidrojeni iliyojipenyeza ni mmoja wa washukiwa. Kuilazimisha ibebe matundu kwa uthabiti kumewashinda watafiti wengi. Sampuli hufanikiwa leo, baada ya miezi hurudia hali yake ya zamani. Nitridi ya galiamu ilikuwa na tatizo hilo hilo, likatatuliwa, na Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Oksidi ya zinki ilibaki na kazi nyingine, ikiwemo kuwa kipitishi cha umeme kinachoonyesha ng'ambo pale inapotiwa alumini.

Nimeipasha moto ikawa ya njano. Imeharibika?

Hapana. Joto hupunguza pengo na kufukuza oksijeni kidogo, hivyo bluu kiasi humezwa na jicho huona njano. Iache ipoe, itarudi kuwa nyeupe.

Tukihamia angani: singulariti ni nini?

Watu hufikiri ni kitone chenye msongamano usio na kikomo, kilichokaa mahali fulani. Maana ya kitaalamu ni ya unyenyekevu zaidi. Chukua chembe au miale ya mwanga inayosafiri bila kusukumwa na chochote, ifuate njia yake kurudi nyuma katika wakati. Kama njia inakatika baada ya muda wenye kikomo na haiwezi kuendelezwa, tunasema kuna singulariti. Ni ukingo wa ramani, kwa hiyo kuuliza iko sehemu gani ya anga hakuna jibu.

Katika modeli za Alexander Friedmann, za mwaka 1922, na za Georges Lemaître za baadaye, ukingo huo huonekana upesi. Ulimwengu ukirudishwa nyuma hadi nusu ya ukubwa wake, msongamano wa maada hupanda mara 8 na wa mnururisho mara 16. Endelea mpaka ukubwa uwe sufuri, vyote viwili havina kikomo.

Je, hilo halitokani tu na kudhani ulimwengu ni laini na sawa kila upande?

Swali zuri, na lilikuwa na watetezi wakubwa. Evgeny Lifshitz na Isaak Khalatnikov walidai mwaka 1963 kwamba singulariti ni matokeo ya ulinganifu uliopitiliza. Maada halisi yenye mabonde na milima ingepishana njiani. Lakini mwaka 1965 Roger Penrose alithibitisha kwamba nyota inayoporomoka hufika kwenye singulariti hata bila ulinganifu. Stephen Hawking akalipeleka wazo hilo kwenye ulimwengu mzima, na mwaka 1970 wawili hao wakatoa nadharia yao ya pamoja iliyothibitishwa kihisabati. Msingi wake ni mlinganyo wa Mhindi Amal Kumar Raychaudhuri wa mwaka 1955, unaosema kwa ufupi kwamba uvutano wa maada ya kawaida hukusanya njia pamoja na kamwe hauzitawanyi.

Lifshitz na Khalatnikov, pamoja na Vladimir Belinsky, wakabadili msimamo kufikia 1970.

Kwa hiyo ilithibitishwa kwamba ulimwengu ulianza na singulariti?

La. Ilithibitishwa kwamba *kama* masharti fulani yanatimizwa, singulariti haiepukiki. Masharti ni haya: nadharia ya uvutano ya Einstein iwe sahihi hadi mwisho, nishati na kanieneo vya maada viwe vya namna inayovuta, na mahali fulani uvutano uwe umeshafunga njia za mwanga ndani ya eneo lenye mpaka. Ondoa sharti moja na mlango unafunguka. Modeli zote zisizo na singulariti ni hadithi za sharti lipi limeondolewa, na ukisoma makala yoyote kuhusu modeli hizi, hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza.

Kuna modeli isiyo na singulariti inayotumia Einstein mtupu na maada ya kawaida?

Ipo, na ilipochapishwa iliwashtua wengi. Mwaka 1990 José Senovilla alipata suluhisho la milinganyo ya Einstein lenye mnururisho wa kawaida, ambao kanieneo chake ni theluthi ya msongamano wa nishati. Kila mahali, wakati wote, msongamano una kikomo. Ulimwengu wake una umbo la silinda: husinyaa, hufikia kilele cha msongamano, kisha hutanuka. Hakuna sheria iliyovunjwa. Njia iliyotumika ni kwamba hakuna mahali mwanga unanaswa, kwa hiyo sharti la tatu halitimii.

Haufanani na ulimwengu wetu, kwa kuwa wetu ni sawa kila upande kwa usahihi mkubwa. Thamani yake iko kwingine: ulizima dhana kwamba uvutano wa Einstein na maada ya kawaida lazima vilete singulariti.

«Mdundo mkuu» unafanyaje kazi?

Wazo ni kwamba kabla ya kutanuka kulikuwa na kusinyaa, na kati yake ulimwengu ulidunda kama mpira bila kufika sufuri. Ugumu uko kwenye hesabu. Katika ulimwengu bapa unaofuata Einstein, ili kusinyaa kugeuke kutanuka, jumla ya msongamano wa nishati na kanieneo lazima iwe hasi. Maada yoyote tuliyowahi kupima maabara haifanyi hivyo. Hata nishati ya giza iliyogunduliwa mwaka 1998, ambayo inasukuma badala ya kuvuta, katika umbo lake la kawaida inafika mpakani tu, kwenye sufuri kamili.

Njia moja ni kubuni uga wa ajabu wenye tabia hiyo. Njia nyingine ni kukubali kwamba karibu na kilele, uvutano wenyewe ni wa kwantamu. Katika kosmolojia ya kwantamu ya vitanzi, inayochukulia kwamba anga lina punje ndogo mno, iliyoanzishwa na Martin Bojowald mwaka 2001 na kukokotolewa kwa kina na Abhay Ashtekar, Tomasz Pawlowski na Parampreet Singh mwaka 2006, mlinganyo wa Friedmann huongezewa kipande kimoja tu: mraba wa kasi ya kutanuka unazidishwa kwa (1 − ρ/ρk), ambapo ρ ni msongamano na ρk ni msongamano wa juu kabisa unaowezekana. Ukiwa chini sana ya ρk, kipande hicho ni 1 na unarudi kwa Einstein. Ukifika ρk, kasi ni sufuri, kusinyaa kunasimama, na ulimwengu unageuka.

Kikomo hicho kinakadiriwa kuwa 0.41 ya msongamano wa Planck, ule ambao uvutano unatarajiwa kuwa wa kwantamu, yaani kama 2 ikifuatiwa na sufuri 96 za kilo kwa mita ya ujazo. Kiini cha atomu, kitu chenye msongamano mkubwa kuliko vyote tunavyovijua vizuri, kinazidiwa mara 1 ikifuatiwa na sufuri 79. Msongamano huo ni mkubwa, lakini una mwisho. Ni kama ile chembe ya oksidi ya zinki: fomula ya zamani ilidhani anga ni laini bila punje, na hapa punje zinaanza kuhesabika.

Modeli hizi zinapinga Mlipuko Mkuu?

Hapana, na kichwa cha habari kinachosema hivyo kimepotosha. Kwamba ulimwengu ulikuwa wa moto na msongamano mkubwa kama miaka bilioni 13.8 iliyopita kunathibitishwa na mnururisho wa mikrowevu uliogunduliwa na Arno Penzias na Robert Wilson, ambao leo una jotoridi la kelvini 2.725, pamoja na heliamu inayokaribia robo ya uzito wa maada ya kawaida. Modeli isiyo na singulariti inakubali yote hayo. Inachokataa ni sehemu ndogo kabisa iliyo kabla ya hapo, ambayo hakuna kipimo kilichowahi kuigusa.

Mfumuko wa kosmiki haukuondoa tatizo?

Haukuondoa. Mfumuko ni wazo kwamba ulimwengu mchanga ulitanuka kwa kasi kubwa mno kwa muda mfupi sana. Arvind Borde, Alan Guth na Alexander Vilenkin walionyesha mwaka 2003 kwamba ulimwengu ambao kwa wastani umekuwa ukitanuka hauwezi kuwa na historia kamili isiyo na ukingo nyuma. George Ellis na Roy Maartens, mwaka 2004, walijaribu kuukwepa ukingo huo kwa kuanza na ulimwengu wa Einstein uliotulia, usiotanuka, kisha ukaamka. Shida ni kwamba Arthur Eddington alionyesha mwaka 1930 kuwa ulimwengu uliotulia namna hiyo ni kama sindano iliyosimamishwa kwa ncha. Ukikaa tangu milele bila kutikisika, unahitaji maelezo.

Na ulimwengu unaodunda tena na tena bila mwanzo?

Richard Tolman aliliangalia hilo katika miaka ya 1930 akakuta entropia, yaani kipimo cha vurugu, inaongezeka kila mzunguko, na kila mzunguko ni mrefu kuliko uliotangulia. Rudi nyuma, mizunguko inafupika, na mwanzo unakurudia kupitia mlango wa nyuma. Modeli ya Paul Steinhardt na Neil Turok ya 2002 hujibu kwa kutanua anga sana kila mzunguko hadi entropia iwe nyembamba kama moshi.

Tatizo jingine la kusinyaa ni kwamba tofauti ndogo kati ya pande hukua upesi, kwa kinyume cha kipeo cha sita cha ukubwa, kasi kuliko maada au mnururisho. Ulimwengu unafika kwenye mdundo ukiwa umesokotwa. Dawa iliyopendekezwa ni kusinyaa polepole chini ya uga wenye kanieneo kikubwa kuliko msongamano wake, unaokua haraka zaidi na kuufunika msokoto huo. Kwa maoni yangu hapa ndipo kazi ngumu ya modeli za mdundo ilipo. Mdundo wenyewe umepewa sifa nyingi mno.

Kipimo gani kinaweza kuzitenganisha?

Mawimbi ya uvutano ya mwanzo kabisa, yaliyoacha msokoto fulani katika mwelekeo wa mitetemo ya mnururisho wa mikrowevu. Modeli nyingi za mfumuko hutabiri msokoto huo. Modeli za kusinyaa polepole hutabiri kwamba haupo kwa kiwango cha kupimika. Nguvu yake huandikwa kwa herufi r. Mwaka 2014 timu ya darubini ya BICEP2 kwenye Ncha ya Kusini ilitangaza imeuona. Ikaja kubainika kwamba vumbi la galaksi yetu lilitosha kueleza ishara hiyo. Mwaka 2021 BICEP/Keck waliweka kikomo cha r chini ya 0.036.

Ikionekana r ya 0.01, kwa mfano, modeli asilia ya kusinyaa polepole imekwisha. Isipoonekana hata kwa vyombo vijavyo kama setilaiti ya LiteBIRD inayoongozwa na Japani, mfumuko hautakufa, kwa sababu una matoleo yenye r ndogo kiasi chochote. Yaani mizani hii hupima upande mmoja vizuri kuliko mwingine, na watetezi wa mdundo ndio waliojiweka kwenye hatari zaidi.